Kutengeneza muziki wa filamu ya majambazi ya Kiitaliano, kwa mtindo wa 1972

Ukitazama filamu ya majambazi ya Italia ya miaka ya 1970, wiki moja baadaye utakuwa umesahau nani kamuua nani, lakini besi bado unaimumunya mdomoni. Mimi hutengeneza muziki wa filamu fupi nikiwa na kompyuta, maikrofoni mbili na gitaa la kuazima, na kila mara mwongozaji akiniambia anataka "kitu cha zamani, cha hatari", huwa narudi kwenye kazi moja: Milano calibro 9 ya Fernando Di Leo, iliyotoka 1972. Muziki wake ulitungwa na Luis Bacalov, mzaliwa wa Argentina aliyefanya kazi Italia, akishirikiana na Osanna, bendi ya roki kutoka Napoli. Mwaka mmoja kabla alikuwa amefanya mchanganyiko wa aina hiyohiyo na bendi ya New Trolls: fidla za ukumbini upande mmoja, gitaa la umeme upande wa pili, na hakuna anayempisha mwenzake. Ugomvi huo ndio tunaoutafuta.

Hatua ya 1: Zima sauti ya picha

Waitaliano wa enzi hizo walikuwa wakirekodi maneno ya waigizaji studio, baada ya kupiga picha. Mtunzi alipata nafasi kubwa, kwa hiyo nawe jipe nafasi hiyo. Tazama tukio lako kimyakimya mara tatu, ukiandika sekunde ambazo kitu kinabadilika: mkoba unapokewa na mkono mwingine, mlango unafungwa.

Kisha chagua mwendo kwa hesabu, usikisie. Sinema hupita fremu 24 kwa sekunde. Ukiweka mapigo 96 kwa dakika, kila pigo linakula fremu 15 kamili, na tukio la sekunde 40 linakuwa mapigo 64, yaani miraba 16 ya mapigo manne. Kamera yako ikiwa inarekodi fremu 25, tumia mapigo 100 na utapata fremu 15 zilezile. Mimi nilipuuza hesabu hii miaka miwili na nikawa nabembeleza wahariri wanisogezee picha. Hawakusogeza.

Hatua ya 2: Besi inayoshuka

Waliopita kwaya watanielewa upesi: la, so, fa, mi. Noti moja kwa kila mraba, kisha unarudi la. Kwa mwendo wetu duru moja ni sekunde 10, hivyo sekunde 40 zinabeba duru nne. Kwenye ile mi ya mwisho, sauti ya juu iimbe se (so iliyopandishwa nusu sauti) badala ya so. Hiyo se ndiyo inayokuvuta urudi la kwa nguvu.

Ngazi hizi si za sinema. Mtunzi wa Italia Claudio Monteverdi alichapisha mwaka 1638 ombolezo la msichana aliyeachwa na mpenzi wake, na chini yake besi inashuka ngazi hizo nne, tena na tena, bila kuchoka. Watunzi wengi wa filamu za Roma walikuwa watu wa shule ya muziki hasa (Ennio Morricone alisoma Santa Cecilia chini ya Goffredo Petrassi), kwa hiyo kilio hicho walikijua. Wao wakakivisha koti la ngozi.

Koti lenyewe ni hivi: piga besi kwa kipiki (kile kiplastiki cha kugongea nyuzi), si kwa vidole. Weka kipande cha sponji chini ya nyuzi, karibu na pale zinapofungwa, ili noti ife mapema. Ukiwa na nyuzi laini zisizo na mikwaruzo, ni bora zaidi. Kwenye kila noti usikae tu. Gonga mara mbili za haraka mwishoni mwa mraba, kama mtu anayegeuka kuangalia nyuma.

Hatua ya 3: Dramu kavu

Tandika taulo juu ya sneya (ngoma ndogo yenye mlio mkali) na toms (ngoma za pembeni). Maikrofoni moja juu, moja mbele ya kiki (ngoma kubwa ya mguu), basi. Sneya pigo la pili na la nne, haihati (yale matoazi mawili) nusu pigo nusu pigo. Usiongeze mbwembwe.

Hatua ya 4: Fidla dhidi ya gitaa

Hapa ndipo kazi ilipo, na ndipo nilipoharibu mara nyingi. Kosa langu la kwanza lilikuwa kuzipa fidla na gitaa wimbo uleule, nikidhani zitapeana nguvu. Zikawa uji.

Zitenganishe. Duru ya kwanza, fidla peke yake juu ya besi, noti ndefu, zikishuka pamoja nayo. Duru ya pili ni ileile, lakini dramu ziingie. Duru ya tatu, gitaa lenye mkwaruzo lipige kinyume: besi ikishuka, lenyewe lipande, na fidla zikate noti fupifupi. Duru ya nne zote, na filimbi juu ikipigwa kwa pumzi nyingi mpaka usikie mate.

Sauti za fidla za kompyuta huwa safi mno. Mimi hualika mpigaji mmoja wa taarabu, namrekodi mara nne sehemu ileile, kila mara akikaa sehemu tofauti chumbani. Mara ya kwanza alikuwa akiteleza kutoka noti hadi noti, vile taarabu inavyotaka, na tukio la ujambazi likageuka harusi. Mwombe apige noti zilizonyooka na kutetemesha kidogo mwishoni tu.

Usikate kipande cha rekodi ya zamani ukakipachika. Nilifanya hivyo kwenye tangazo, likaondolewa siku ya tatu, na malipo yangu yakaondoka nalo.

Hatua ya 5: Chombo kimoja cha kejeli

Si lazima, lakini mimi napenda. Katika filamu ya Elio Petri ya 1970 kuhusu mkuu wa polisi anayeua kisha anaacha ushahidi dhidi yake mwenyewe, Morricone alitumia mandolini na kile kichuma kinachoshikwa mdomoni na kupigwa kwa kidole, ambacho Wasisilia hukiita marranzano. Mwenye cheo anatembea kwa maringo, muziki unamcheka. Kwako inaweza kuwa kinanda kibovu kilichopoteza sauti sahihi. Kiingize mara moja tu, pale mhusika anapojiona mjanja.

Hatua ya 6: Mwangwi na kuchanganya

Weka mwangwi kwenye gitaa na filimbi, kamwe si kwenye besi. Kwa mapigo 96, nusu pigo ni milisekunde 312.5. Ruhusu marudio mawili au matatu, na uyapunguzie makali ili kila rudio liwe jeusi kuliko lililotangulia.

Mwisho, unganisha pande mbili za sauti, kushoto na kulia, ziwe moja, kwa sababu filamu hizo zilisikika kwa spika moja nyuma ya pazia la sinema. Kata kila kitu kilicho juu ya hezi 8,000. Fidla ikipotea, usiipandishe, punguza gitaa. Kisha rudisha sauti ya picha, tafuta mlango ule uliouandika hatua ya kwanza, na ukate muziki wote pigo moja kabla haujafungwa.