Jinsi ya kulitunza na kulitengeneza ini la mchangiaji kabla halijapandikizwa

Hii naiandika kwa madaktari vijana, manesi wa chumba cha upasuaji na yeyote anayeingia kwenye timu ya kupandikiza maini, hata na wewe ambaye ndugu yako anasubiri ini na umesikia kuna mashine inatumika ila hujui inafanya nini. Protokoli ya hospitali yenu ndo inatawala, mimi nakupa mantiki yake.

Kwanza elewa hivi: barafu inalitunza ini lakini haikwambii chochote juu ya hilo ini. Ukilipoza mpaka nyuzi 4 hivi matumizi yake ya nishati yanashuka mpaka kama asilimia 10, linatulia, lakini huwezi kujua litaamkaje, unaangalia rangi, unalibonyeza, unasoma historia ya mchangiaji, afu unakisia. Na maini mengi yanatupwa kwa sababu ya huko kukisia, hasa yenye mafuta mengi, ya wachangiaji wazee na ya wale waliofariki kwa moyo kusimama (sio kwa ubongo kufa huku moyo ukipiga). Kuna watu wanafia kwenye foleni huku ini ambalo lingefanya kazi limeachwa, ndo maana hii kazi mi naipigania.

Kupoza vizuri bado ni lazima. Damu yote isuuzwe itoke kwa maji maalum ya kuhifadhia, yanayojulikana zaidi ni ya UW waliyoyatengeneza Belzer na Southard kule Chuo Kikuu cha Wisconsin miaka ya 1980. Suuza kupitia vena pota (ile kubwa inayotoa damu kwenye utumbo) na kupitia ateri (mshipa unaoleta damu yenye oksijeni kutoka moyoni), usiache ateri hata kidogo, kwa sababu njia za nyongo zinaishi kwa damu ya ateri peke yake. Nyongo yenyewe pia isuuze itoke, ikibaki ndani inaunguza utando wa njia zake. Ini likae kwenye mifuko yenye maji, barafu ibaki nje na isiguse nyama. Hapo saa inaanza kukimbia: kwa barafu tupu watu wanajitahidi wasivuke muda wa saa 12, na kwa ini la moyo uliosimama unataka pungufu ya hapo.

Kwenye meza ya maandalizi ndipo watu wanapoharakisha na ndipo haifai. Ondoa vipande vya kiwambo (msuli wa kupumulia) na tezi ya adreno (ile inayokaa juu ya figo) vilivyokuja na ini, tafuta kila tawi dogo la mshipa lililokatwa ulifunge, maana ukishawasha pampu ya mashine kila tundu ulilosahau litavuja na utakuwa unashona huku ini linasubiri. Weka kanula (mrija wa kuunganishia mashine) kwenye vena pota na kwenye ateri, hakikisha ateri haijajikunja wala haijapinda, afu weka mrija kwenye mfereji wa nyongo.

Sasa unaliunganisha ini na mashine, ambayo inapampu maji au damu kupitia mishipa yake likiwa nje ya mwili, na unachagua, baridi yenye oksijeni au joto la mwili.

Ile ya baridi ini linakaa nyuzi 8 mpaka 12, halipewi damu, linapewa maji yaliyojaa oksijeni, kwa saa 1 au 2 mwishoni kabla ya kupandikizwa. Timu ya Zurich (Uswisi) wanapitisha kwenye vena pota peke yake, ya Groningen (Uholanzi) wanapitisha na kwenye ateri. Faida yake iko kwenye mitokondria, yaani vinu vya nishati ndani ya seli. Ini likikaa bila oksijeni seli zinarundika kitu kinaitwa suksineti, siku damu ya moto ikiingia ghafla inaungua yote kwa mkupuo mmoja na kumwaga sumu za oksijeni zinazochoma seli, ni sawa na makaa yaliyofunikwa na majivu halafu upepo mkali ukayapiga. Ukileta oksijeni taratibu kwenye baridi hiyo suksineti inaisha polepole na ATP (nishati ya seli) inarudi kabla ini halijakutana na damu. Jaribio la Groningen na wenzao lililotoka 2021, kwa maini ya moyo uliosimama, lilionyesha kuziba kwa njia za nyongo ndani ya ini kumeshuka kutoka asilimia 18 mpaka 6. Walitumia presha ndogo sana, milimita 25 za zebaki kwenye ateri na 5 kwenye vena pota, kwahiyo ukiwa kwenye baridi usije ukaongeza presha ukidhani unalisaidia, ini baridi lina mishipa migumu na ukilazimisha unachana utando wa ndani.

Ile ya joto ni nyuzi 37, na hapa ini linaishi kabisa: linapewa chembe nyekundu za damu, oksijeni, heparini ili damu isigande, insulini, chakula cha mshipani, chumvi za nyongo, dawa ya kulegeza mishipa na antibayotiki (bakteria nao wanapenda nyuzi 37). Kabla hujaunganisha, yasuuze yale maji ya UW yatoke, yana potasiamu nyingi na hutaki iingie kwenye mzunguko. Mashine iliyotoka Oxford kwa Peter Friend na Constantin Coussios ilitumika kwa mtu mara ya kwanza 2013 pale King's College Hospital London, na jaribio kubwa lililochapishwa 2018, upandikizaji 220, lilionyesha maini yaliyotupwa yamepungua kwa nusu ingawa yalikaa nje ya mwili muda mrefu zaidi kwa asilimia 54.

Ila joto lina hatari moja ambayo lazima kila mtu kwenye chumba aijue. Mashine ya baridi ikizima ini linarudi tu kuwa ini la kwenye barafu, mashine ya joto ikizima una ini la moto lisilo na oksijeni na dakika zinahesabika. Maji baridi ya kuhifadhia na barafu viwe pembeni tayari muda wote, na asiwepo wa kuliacha ini peke yake eti namba zimekaa vizuri.

Namba zenyewe zisome hivi. Lakteti (asidi inayopanda seli zikikosa oksijeni) ishuke, timu ya Birmingham, Uingereza, iliweka kiwango cha milimoli 2.5 kwa lita au chini ndani ya saa 4, pamoja na angalau mawili kati ya haya: nyongo inatoka, pH ya damu (kipimo cha asidi, ikishuka asidi imezidi) 7.30 au zaidi, glukosi (sukari) inatumika, ateri inapitisha mililita 150 kwa dakika na vena pota 500, na ini limelainika na kushika rangi sawa kote. Glukosi ikipanda mwanzoni usishtuke, ni akiba ya ini inavunjwa, cha kuangalia ni kama inashuka baadaye. Kwa vipimo hivyo walichukua maini 31 ambayo hospitali zote zilikuwa zimeyakataa wakapandikiza 22, na wagonjwa wote 22 walikuwa hai siku ya 90. Matokeo makubwa sana hayo! Lakini 4 kati yao walihitaji ini lingine baadaye kwa sababu njia za nyongo ziliziba, na hapa ndipo nataka usimame: lakteti inakueleza habari za seli za ini, haikuelezi habari za njia za nyongo. Kwahiyo pima nyongo yenyewe. Njia zikiwa nzima nyongo inakuwa na pH ya juu kuliko ya damu na glukosi yake inakuwa chini, kwa sababu utando wake unamwaga bikabonati (inayopunguza asidi) na kufyonza sukari. Nyongo nyingi yenye pH mbovu isikufurahishe.

Kuhusu kutengeneza hasa. Zurich walilitunza ini wakalitibu kwa antibayotiki, wakawa wanarekebisha sukari kwa insulini na glukagoni (homoni inayopandisha sukari) na kuchuja takataka kama figo, siku 3 nzima, wakalipandikiza Mei 2021 na mgonjwa akaendelea vizuri. Cambridge nao 2021 walionyesha seli za nyongo zilizokuzwa maabara zinaweza kurekebisha majeraha ya njia za nyongo kwenye ini la binadamu likiwa kwenye mashine, ila hayo maini hayakupandikizwa. Kuyeyusha mafuta kwa dawa bado kuko kwenye utafiti, usimwahidi mgonjwa.

Ukiwa tayari kulitoa kwenye joto, lisuuze tena kwa maji baridi, funga kanula, na mpokeaji awe ameshafunguliwa, usilitoe halafu ukaanza kumsubiri. Baada ya hapo mfuatilie njia za nyongo mwaka mzima hata kama vimeng'enya vya ini vimerudi sawa wiki ya kwanza, maana kuziba kwake mara nyingi kunajitokeza miezi kadhaa mbele, na akianza kuwashwa mwili, homa au macho ya njano apigwe picha za njia za nyongo siku hiyo hiyo.