Gobori la Harpers Ferry, Richmond au Fayetteville? Namna ya kulitambua

Usiku wa 18 Aprili 1861, siku moja baada ya mkutano wa jimbo la Virginia kupiga kura ya kujitenga na Marekani, Luteni Roger Jones na askari wake wachache walitia moto ghala na karakana za silaha za serikali ya Marekani huko Harpers Ferry. Ghala liliteketea na bunduki zipatazo 15,000. Karakana ziliwahiwa na wakazi, moto ukazimwa, na mitambo ikasalimika. Watu wa Kusini, yaani wa majimbo yaliyojitenga, waliihamisha: ya bunduki ndefu Richmond, Virginia, ya bunduki fupi Fayetteville, North Carolina. Ndiyo maana silaha za pande mbili zilizopigana katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani zinafanana mno.

Kwanza hakikisha gobori halijashindiliwa. Baruti nyeusi ikikaa pakavu haifi kwa umri. Ingiza ufito wa mbao hadi ugote, weka alama usawa wa mdomo wa mtutu, utoe, kisha uulaze juu ya mtutu kwa nje, alama ikiwa mdomoni. Ukiishia sentimita kadhaa kabla ya chuchu ya fataki (kipande kidogo nyuma ya mtutu kinachovikwa fataki), kuna kitu ndani. Usichokonoe, mwite fundi wa silaha.

Pima mtutu. Inchi 40 (sm 101.6) ni bunduki ndefu, inchi 33 (sm 83.8) ni fupi. Tundu la zote ni inchi .58.

Sasa kaa na bamba la chuma lililo ubavuni, ambapo nyundo imefungwa, maana hapo ndipo penye ushahidi. Bamba la modeli ya 1855 lina nundu yenye nafasi ya utepe wa fataki (ukanda wa karatasi wenye fataki nyingi), kifuniko chenye picha ya ndege tai, na maandishi U.S. HARPERS FERRY. Richmond walitumia mitambo ileile bila utepe, hivyo nundu ikabaki bila kazi, baadaye wakaipunguza. Hapo utasoma mwaka na RICHMOND, VA; herufi C.S. (Confederate States, yaani majimbo ya Kusini) ziliongezwa 1862. La Fayetteville lina jina la mji, tai na C.S.A., na bunduki zake za baadaye zina nyundo iliyopinda kama S.

Alama za ukaguzi V, P na kichwa cha tai kwenye mtutu zisikuridhishe: Richmond nao walizigonga. Bandia hujulikana kwa herufi zenye kingo kali juu ya chuma kilicholiwa na kutu, kwa sababu kutu halisi hula herufi pamoja na bamba. Tazama kwa lenzi, mwanga ukitokea ubavuni, na usisugue kitu kabla ya kutazama.