Vitenge vimejaa mpaka chini ya kitanda: nilivyovipunguza mimi

Kabla sijaanza niseme ukweli, mimi sio mtu wa kupangilia vitu. Nashona nyumbani, mashuka ya viraka, foronya, aproni, vitu vidogovidogo, na kwa miaka mingi kila nikipita Kariakoo lazma ninunue kitambaa, pale Mtaa wa Uhuru unaingia kutafuta uzi unatoka na doti mbili za khanga kisa jina limekugusa. Jumlisha sare za harusi, za sendofu, za msiba, yaani kila shughuli na kitenge chake, alafu mabaki ninayopewa na mafundi wa mtaani, matokeo yake kabati halifungi, shangazi kaja mbili ziko juu ya kabati, kiroba nyuma ya mlango, na baba watoto analalamika viatu vyake havina pa kukaa.

Nilijaribu kupanga kwanza. Nikanunua makasha ya plastiki manne, nikakunja kwa rangi, pakapendeza kweli, wiki ya pili nikaona kumbe nimejipa tu nafasi ya kununua vingine. Kwaiyo ushauri wangu usianze na makasha, anza na mkasi. Ila kuna hatua chache kabla ya mkasi.

Chagua siku ya jua utoe vyote nje, narudia, vyote, hata kile cha chini kabisa ulichokisahau. Kwa sisi wa Dar na pwani kwa ujumla unyevu ndo adui, masika ikipita unakuta koga kwenye mikunjo, kwaiyo anika kivulini penye upepo, jua kali linapausha. Mi nilikuta khanga tatu zimetafunwa na panya na kitenge kizuri kina madoa ya kutu kwa sababu nilikiweka na pini zake. Pini toa zote, hiyo kutu haitoki kirahisi.

Alafu tenga, na usitenge kwa rangi, tenga kwa aina ya kitambaa. Vitenge vya siku hizi vingine ni polyesta tupu na muuzaji anakuapia ni pamba, we chomoa uzi mmoja uuchome juu ya bakuli la chuma: pamba inaungua kama karatasi inaacha majivu laini, polyesta inayeyuka inakua kidonge kigumu. Polyesta mi siweki kwenye shuka, inatoa joto na pasi ikizidi inanyauka, hizo natengenezea mifuko ya sokoni na aproni. Sare za shughuli nazo ziwekee fungu lake uziangalie vizuri usoni. Hutazivaa tena. Mimi nina sare ya ndoa iliyoshavunjika na bado nilikua naitunza, ya nini sasa?

Kuosha usiruke. Khanga na vitenge vipya vina wanga, vikioshwa vinalainika na kuruka kidogo, ukishona bila kuosha shuka lako likifuliwa mara ya kwanza linajikunja kama karatasi ya maandazi. Na rangi! Nilishawahi kuunga kitenge chekundu na mabaki meupe ya shuka, nikafua, nikapata shuka la pinki, mteja alikua mpole sana lakini hakurudi. Watu wanasema loweka na chumvi au siki rangi itashika, mi sijaona ikisaidia, kama rangi haikushikishwa kiwandani inaendelea tu kutoka. Lowesha kona, ibane na kitambaa cheupe upige pasi, kikichafuka fua mara mbili tatu maji yawe masafi, kikigoma kiweke pembeni na vyekundu wenzake.

Haya, mkasi sasa. Hapa ndo wengi tunakwama, unakishika kitenge unasema hiki kizuri nitakishonea gauni, miaka mitano. Kata kadibodi ya mraba wa inchi 6 na nusu, iwe ndo kipimo chako cha kila siku, na kila jioni ukiangalia tamthilia kata vipande ishirini tu. Ukiunga kwa mshono wa robo inchi kila kipande kinabaki inchi 6, hesabu inakua rahisi. Kitanda cha 5 kwa 6 ukitaka shuka linaloning'inia futi moja pembeni na miguuni unahitaji vipande 14 kwa 14, yaani 196. Kitenge cha upana wa inchi 45 kinatoa vipande 30 kwa yadi, kwaiyo juu inakula kama yadi 7, na nyuma yadi 5 (vipande viwili vya yadi 2 na nusu ukiviunga kwa urefu). Yadi 12, pisi mbili nzima zimeondoka kwenye kabati kwa shuka moja! La kitanda cha mtoto vipande 8 kwa 10 vinatosha, na nyuma doti moja ya khanga inafunika na inabaki.

Unga mistari kwanza, piga pasi mishono ya mstari wa kwanza ielekee kulia, wa pili kushoto, hivyohivyo mpaka mwisho, ili viungio visirundikane sehemu moja sindano ikavunjika. Katikati ya kitambaa cha juu na cha nyuma, kwa Dar mi siweki kitu, au naweka shuka kuukuu la pamba, oda ikitoka Njombe au Lushoto ndo naweka blanketi jepesi. Kama huna nguvu ya kupitisha mshono shuka zima, funga fundo la uzi mzito kwenye kila kona ya kiraka, inatosha kabisa.

Khanga kata kwa akili. Mji, yaani pale katikati ya khanga, na pindo vina kazi tofauti, pindo zinafaa sana kuzungushia ukingo. Na soma jina kabla ya kukata, mi nilikata "Japo sipati tamaa sikati" bila kuangalia, kwenye mto ikabaki "japo sipati" tu, mteja akaniuliza hupati nini dada?

Vile vipande vya ajabuajabu visivyotoa mraba, mabaki ya mikono na shingo, vifanyie mtindo wa Wasidi. Hawa ni watu wa India, wengi wako Karnataka na Gujarati, wazee wao walitoka huku Afrika, na kinamama wa Karnataka wanashona blanketi linaitwa kawandi kwa nguo kuukuu. Halina kipimo wala cherehani. Unatandika kitambaa cha nyuma, unaanza kona moja, unakunja ukingo wa kiraka ndani unakishonea kwa mkono mshono wa kupitisha, unazunguka pembeni yote alafu unaingia ndani polepole mpaka ukutane katikati, viraka vinapandana na palipo wazi unaziba na kingine. Kona wanamalizia na vikunjo vya pembetatu wanaviita phula, maua. Mimi la kwanza lilinichukua miezi miwili nikishona kwenye daladala na foleni ya hospitali na ndo kitu pekee nyumbani ambacho siuzi.

Vilivyobaki ambavyo hujakata, kunja vyote upana mmoja kwa kuzungushia rula ya mbao, visimamishe kama vitabu uone migongo yote. Usifunge kwenye nailoni, tumia foronya kuukuu za pamba zipitishe hewa. Karafuu ndani inaleta harufu nzuri, panya hawaijali, hilo nimehakikisha mwenyewe.

Na vile vidogo kuliko kiganja, nyuzi na vichengachenga, usitupe. Weka ndoo chini ya cherehani, ikijaa mara tatu nne jazia mto wa kukalia chini. Ila usiufanye mkubwa, vitambaa vina uzito balaa, wangu tulisaidiana watu wawili kuuhamisha ukutani na mpaka leo uko palepale.