Kabla hujarudi kazini: kumtafutia mtoto mchanga mlezi mjini Lubumbashi

Anza kutafuta ukiwa bado na mimba. Sheria ya kazi ya Kongo, ile ya Oktoba 2002, inampa mama mfanyakazi wiki 14 za likizo ya uzazi, na zile za baada ya kujifungua hazizidi 8. Ukitoa siku za wageni na za kukosa usingizi, zinazobaki hazitoshi kumjua mtu utakayemwachia mtoto wako. Mwezi wa saba wa mimba naona ndio mzuri: bado unatembea, na unaweza kwenda kukaa nusu siku kwa mtu ukaona anavyoishi na watoto.

Hesabu ya kwanza ni ya njia. Sheria hiyohiyo inampa mama anayenyonyesha mapumziko mawili ya nusu saa kila siku, nayo yanalipwa kama saa za kazi. Lakini kama unafanya kazi katikati ya mji na mtoto yuko Katuba au Ruashi, nusu saa itaishia ndani ya taxi-bus. Kwa hiyo kreshi (nyumba ya kulelea watoto mchana) ya kawaida iliyo karibu na kazi yako inaweza kumfaa mtoto kuliko nzuri iliyo mbali. Kuna akina mama wanaopatana na mkubwa wao wa kazi waunganishe hizo nusu saa mbili watoke mapema, na wengine mlezi huwapelekea mtoto hadi mlangoni pa ofisi. Jambo hili lizungumzwe kabla ya likizo kuanza, na liandikwe. Ukienda kreshi, uliza mapema wanapokea watoto kuanzia umri gani na mlezi mmoja anashika watoto wangapi, kisha rudi siku nyingine bila kuwaambia, saa ya chakula.

Wengi wetu tunamfikiria kwanza kambo, yaani bibi yake mtoto. Ni baraka kuwa naye, ila kuna mambo ya kumweleza kwa heshima kabla mtoto hajazaliwa. Miezi 6 ya kwanza mtoto anatosheka na maziwa ya mama peke yake: si maji, si maji ya sukari, si uji mwepesi. Na ile desturi ya kumwosha mtoto tumbo kwa kumpitishia dawa nyuma iachwe kabisa, maana inaweza kumuumiza utumbo na kumkausha maji mwilini. Mpeleke kambo siku ya kupima kilo na chanjo, wiki ya 6, ya 10 na ya 14, ili ayasikie hayo kwa muuguzi. Ukimsahihisha wewe binti yake, ataona umemvunjia heshima.

Kuna pia kawaida ya kumtoa binti wa miaka 12 au 13 kijijini aje kumshika mtoto. Naipinga kwa moyo wote. Sheria ya Januari 2009 ya kulinda watoto inamhesabu kuwa mtoto kila ambaye hajafika miaka 18, na binti wa umri huo mahali pake ni shuleni. Isitoshe, usiku mtoto mchanga akichemka mwili, mtoto mwenzake ataogopa tu.

Ukimpata mtu mzima, usiishie kumwuliza kama anapenda watoto. Nani atasema hapana? Mwulize afanyeje mtoto akimwanguka mikononi. Mwulize akilia saa nzima bila kunyamaza, yeye hufanya nini. Anayejibu kwamba kwake mtoto hajawahi kuanguka wala kulia, mimi namwacha. Ninayemtaka ni yule anayeweza kuniambia kibaya kilichotokea siku hiyohiyo, kwa sababu mtoto wa miezi miwili hawezi kusema mwenyewe. Na ujasiri huo unautengeneza wewe pia: ukimfokea kwa kikombe kilichovunjika, siku mtoto atakapoanguka hatakuambia. Mwambie wazi kwamba kilio kikimshinda amlaze mtoto chali mahali salama, atoke nje apumue kidogo, akupigie simu. Asimtikise kamwe. Kumtikisa mtoto mchanga kunaweza kumvujisha damu ndani ya ubongo.

Kwa mji wetu kuna mambo mawili ambayo ushauri wa kutoka mbali hauyataji. Juni na Julai baridi ya usiku na asubuhi ni kali, na watu huingiza mbabula, lile jiko la makaa, chumbani. Makaa yanayowaka ndani ya nyumba iliyofungwa hutoa gesi isiyo na harufu, inayoua watu usingizini. Mbabula ikae nje, mtoto avalishwe nguo za kutosha na kofia. La pili ni vumbi. Shaba imeyeyushwa hapa tangu 1911, na udongo wa mitaa iliyo karibu na viwanda una madini mazito, risasi ikiwamo. Mtoto akianza kutambaa, kila kitu ni mdomoni. Mlezi afute sakafu kwa kitambaa chenye maji badala ya kufagia, na anayetoka mgodini aoge na kubadili nguo kabla ya kumbeba mtoto.

Kuhusu maziwa: ukiyakamua, hukaa nje kwa muda usiozidi saa 4 kwenye chumba kisicho na joto kali, Oktoba jua linapochoma, punguza. Kwenye friji hukaa siku 4, lakini umeme ukikatika mchana kutwa usihesabu hivyo. Mnyweshe kwa kikombe kidogo, ni rahisi kukiosha kuliko biberoni, yaani chupa ya kunyonyea.

Andika namba za simu kwa herufi kubwa ukutani. Acha pesa ya taxi na ya kuanzia hospitalini mahali mlezi anapopajua, pamoja na fishi ya mtoto, yaani kadi yake ya kliniki. Mfundishe dalili zisizongoja simu yako: mtoto kukataa kunyonya, mwili kuwa moto au baridi sana, kupumua kwa haraka, degedege. Dawa yoyote asimpe bila wewe. Chandarua ni mchana pia mtoto akilala.

Mshahara upange mapema na ulipe tarehe ileile kila mwezi, pamoja na siku ya kupumzika. Kisha mlezi aanze ukiwa bado likizo. Siku za kwanza fanyeni kila kitu pamoja, halafu umwachie saa moja, halafu nusu siku. Ukirudi usimwulize tu kama mtoto yuko sawa. Mwulize amenyonya mara ngapi, amelala saa ngapi, amechafua nepi ngapi. Akikujibu bila kubabaika, siku inayofuata ongeza muda.