Uanachama wa viwanda vya bourbon: namna ya kuupima kabla ya kulipa, ukiwa Mombasa

Baadhi ya viwanda vya bourbon, yaani wiski ya Marekani inayotokana zaidi na mahindi, huuza uanachama wa mwaka, na wanaojiunga huahidiwa nafasi ya kununua chupa za matoleo machache ambazo mteja wa kawaida hazikuti dukani. Ada hutofautiana sana: kuna mipango ya bure kama ule wa kiwanda cha Maker's Mark, ambacho huwaita wanachama wake "mabalozi" na kuandika majina yao kwenye pipa, kuna inayotoza mamia ya dola kwa mwaka, na kuna ile ya kujichagulia pipa zima ambayo gharama yake hufika maelfu. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mkazi wa Mombasa anayekunywa, au anayenunua kwa niaba ya hoteli au klabu, ambaye ndugu yake aliye Marekani amemtumia fomu ya kujiunga na kumwambia kuwa nafasi zimebaki chache. Wengi katika mji huu hawatumii kileo kabisa, na hawatakosa kitu wakiishia hapa.

Kinachouzwa katika mipango hii ni haki ya kununua. Chupa yenyewe utailipia baadaye, kwa bei yake kamili, na mara nyingi utailipia tu endapo jina lako litatoka katika bahati nasibu ya wanachama. Mtu akilishika hilo, hesabu nyingine zote huwa nyepesi.

Soma masharti kabla ya picha

Kurasa za kujiunga hupambwa kwa picha za maghala na mapipa, lakini kinachokuhusu kiko chini kabisa, kwa maandishi madogo. Tafuta kwanza idadi ya chupa ambazo kiwanda kimejifunga kukuuzia. Ikiwa masharti yanasema utapata "fursa" au "kipaumbele" bila kutaja idadi, basi hujahakikishiwa hata chupa moja, na ada yako haitarudi. Kisha tafuta ni nani anayeruhusiwa kuchukua chupa, ni wapi, na ndani ya siku ngapi, kwa maana hapo ndipo mnunuzi wa mbali anapokwama.

Kikwazo hicho kina asili yake. Marufuku ya pombe ya Marekani ilipoondolewa mwaka 1933, kila jimbo lilibaki na mamlaka ya kutunga sheria zake za vileo, na katika majimbo mengi kiwanda kinalazimika kumwuzia muuzaji wa jumla, naye amuuzie mwenye duka, ndipo chupa imfikie mnywaji. Duka lililo ndani ya kiwanda ni mlango wa pembeni ambao baadhi ya majimbo, Kentucky likiwemo, yameuruhusu, na mipango mingi ya uanachama imejengwa juu ya mlango huo. Ndiyo maana mwanachama hutakiwa kufika mwenyewe akiwa na kitambulisho kinachoonyesha ametimiza miaka 21, au amtume mtu aliyeandikishwa mapema. Majimbo mengi hayaruhusu pombe kali kutumwa nyumbani kwa mnunuzi, Posta ya Marekani haibebi vileo, na kampuni kubwa za vifurushi hazipokei pombe kutoka kwa mtu binafsi asiye na leseni. Yeyote anayekuahidi kuwa chupa itakufikia Nyali kwa kifurushi cha kawaida anakuomba ushiriki katika jambo ambalo likigunduliwa njiani, chupa itataifishwa na hutakuwa na pa kulalamika.

Kwa hiyo uliza swali moja: je, nina mtu anayeishi karibu na kiwanda hicho, ambaye masharti yanamruhusu kunichukulia, na ambaye atasafiri kuja Kenya au nitamfuata mimi? Jibu likiwa hapana, funga ukurasa.

Piga hesabu kwa chupa, usiipige kwa ada

Tuchukue mfano wa kubuni. Klabu inatoza dola 600 kwa mwaka na kukupa haki ya kununua chupa 2, kila moja dola 180. Chupa hizo ni dola 360, na kodi ya mauzo ya Kentucky, ambayo ni asilimia 6, inaongeza dola 21.60. Jumla pamoja na ada ni dola 981.60, yaani dola 490.80 kwa chupa. Kwa kiwango cha shilingi 130 kwa dola, ni shilingi 63,804. Ikiwa utapata chupa moja tu kwa sababu toleo la pili lilitolewa wiki ambayo mtu wako alikuwa safarini, chupa hiyo itakuwa imekugharimu dola 790.80, au shilingi 102,804. Bado hujaongeza gharama za benki za kubadilisha fedha, wala ushuru, wala shukrani kwa aliyeibeba.

Weka tarakimu hiyo kando ya bei ya bourbon nzuri inayopatikana katika maduka ya vileo ya Mombasa ikiwa na stempu ya KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya, kisha amua kama tofauti hiyo iko mdomoni au iko katika lebo. Mimi naona kuwa kwa wengi iko katika lebo, na si dhambi kulipia lebo, ilimradi mtu ajue ndicho anachokilipia.

Uchache wa kweli na uchache wa kupangwa

Kisheria, bourbon hutengenezwa Marekani kwa mchanganyiko wa nafaka ambao angalau asilimia 51 ni mahindi, kisha huwekwa katika vyombo vipya vya mwaloni vilivyochomwa kwa ndani. Pipa la kawaida huchukua takriban lita 200, na kila mwaka sehemu ya kilichomo hupotea kwa mvuke kupitia mbao. Tukikadiria upotevu wa asilimia 4 kwa mwaka, pipa lililolala miaka 15 hubaki na zaidi kidogo ya nusu ya kilichotiwa. Uchache wa namna hii haughushiwi: asiyeweka pipa ghalani miaka 23 iliyopita hawezi leo kuuza wiski ya miaka 23, na hiyo ni sehemu ya sababu inayofanya bourbon ya Pappy Van Winkle ya umri huo itafutwe kwa bei iliyo mbali sana na ile iliyopangwa na mwenye kiwanda.

Chupa nyingi za wanachama, hata hivyo, si za umri huo. Utakuta wiski ya miaka 4 hadi 6 iliyomaliziwa kwa miezi michache katika pipa lililokuwa na ramu au mvinyo, ikapewa lebo mpya na namba iliyoandikwa kwa mkono, na uchache wake ukaamuliwa na idara ya masoko. Nyingine ni tamu sana. Lakini mwaka 2025 maghala ya Kentucky yalikuwa na mapipa ya bourbon zaidi ya milioni 16, wingi ambao ulikuwa haujawahi kuonekana, na katika soko la namna hiyo ni kiwanda kinachomhitaji mnunuzi. Ukiambiwa kuwa dirisha la kujiunga linafungwa usiku wa leo, lala kwanza.

Namna bora ya kutenganisha aina hizi mbili ni kusoma lebo, tena ya nyuma. Omba picha ya lebo ya toleo lililopita, uikuze katika simu mpaka maandishi ya chini yasomeke. Maneno "Distilled by" yakifuatwa na jina la kiwanda kinachokuuzia uanachama, maana yake wao wenyewe ndio walioipika. Ukiona "Bottled by" peke yake, huenda waliinunua ikiwa tayari imeiva na kazi yao ikawa kuichanganya na kuitia chupani. Sheria inataka jimbo ilikopikwa wiski litajwe ikiwa ni tofauti na jimbo la anwani iliyo kwenye lebo, ndiyo maana chupa yenye anwani ya Kentucky inaweza kuwa na mstari mwembamba unaosema ilipikwa Indiana, kwenye kiwanda kikubwa cha mji wa Lawrenceburg ambacho huwauzia wenye chapa nyingi. Wiski ya Indiana haina kasoro kwa kuwa ya Indiana. Kasoro ni kulipa ada ya kuwa "mmoja wa familia ya kiwanda" kisichopika.

Kuna maneno mengine mawili yenye uzito wa kisheria. "Straight" humaanisha wiski imekaa pipani angalau miaka 2, na ikiwa haijatimiza miaka 4 ni lazima umri wake uandikwe. "Bottled in Bond", kwa sheria ya mwaka 1897, humaanisha imepikwa na kiwanda kimoja katika msimu mmoja, imekaa angalau miaka 4 katika ghala linalosimamiwa na serikali, na imetiwa chupani ikiwa na kileo cha asilimia 50. Maneno kama "adimu", "ya familia" na "teule" hayana kipimo chochote. Aidha, TTB, ofisi ya serikali ya Marekani inayosimamia kodi na biashara ya vileo, ina rejista ya wazi mtandaoni ya lebo zilizoidhinishwa. Tafuta jina la chapa humo, na unaweza kuona matoleo yanayokuja kabla klabu haijawatangazia wanachama wake.

Kuifikisha Mombasa

Wiski itasafiri katika begi la kupakiwa, kwa kuwa chupa ya zaidi ya mililita 100 haipiti ukaguzi wa begi la mkononi. Kanuni za usafiri wa anga za Marekani zinamruhusu abiria kubeba hadi lita 5 za kileo cha zaidi ya asilimia 24 na kisichozidi asilimia 70, zikiwa katika chupa za dukani ambazo hazijafunguliwa. Kinachozidi asilimia 70 hakipandi ndege kabisa. Jambo hili linawahusu wanachama kuliko wateja wengine, kwa sababu baadhi ya matoleo machache hutiwa chupani moja kwa moja kutoka pipani bila kuongezwa maji, na machache kati yake huvuka kiwango hicho. Angalia asilimia kabla ya kununua.

Upande wa Kenya, forodha ya Afrika Mashariki inamruhusu msafiri aliyetimiza miaka 18 kuingia na lita moja ya pombe kali bila ushuru. Chupa ya Marekani huwa na mililita 750, kwa hiyo moja inapita na mbili zinazidi. Iliyozidi itangazwe kwa ofisa wa forodha na ilipiwe, na gharama hiyo iingizwe katika hesabu yetu ya awali. Anayetua Nairobi huku akiendelea Mombasa amalize mambo ya forodha huko huko Nairobi. Anayekuja kwa ndege ya Addis Ababa inayotua uwanja wa Moi, Mombasa, atayamalizia hapa. Kwa kufunga, chupa iviringishwe kwa kikoi kizito, iwekwe katikati ya begi, na kizibo kizungushiwe nailoni ya jikoni.

Usiinunue ukiwa na nia ya kuiuza. Chupa iliyoingia kama mali ya msafiri haina stempu ya KRA, na kuuza kileo bila leseni ni kosa chini ya sheria ya mwaka 2010 ya kudhibiti vileo, hata kama mnunuzi ni baa ya Nyali inayokusihi. Mwenye hoteli anayetaka bourbon ya namna hii apitie kwa mwagizaji mwenye leseni, ambaye huenda akampatia chupa tofauti lakini itakuwa halali.

Fikirieni chama

Kwa wanaotaka kuonja kuliko kumiliki, njia inayonivutia zaidi ni watu watano au sita wanaoaminiana kuchanga, mmoja wao au jamaa yao akawa mwanachama, na chupa ikafunguliwa pamoja. Chupa ya mililita 750 hutoa toti 25 za mililita 30. Katika ule mfano wetu wa shilingi 63,804, kila toti ni shilingi 2,552 hivi, bei ambayo watu wanaweza kuizungumza bila kutazamana vibaya. Andikeni makubaliano mawili: nani anabaki na chupa tupu, kwa kuwa chupa tupu za chapa zinazotafutwa hununuliwa na waghushi wa kuzijaza upya, na nini kitafanyika mwaka ambao hakuna chupa iliyopatikana.

Msiiweke sana baada ya kuifungua. Chupa iliyobaki robo huanza kupoteza harufu kwa hewa iliyomo, na joto letu huharakisha hali hiyo. Isiyofunguliwa isimamishwe wima, kwa sababu kileo kikali kikigusa kizibo muda mrefu hukila, tofauti na mvinyo unaolazwa. Ikae kabatini mbali na dirisha na mbali na ukuta unaopigwa na jua la alasiri. Unyevu wa pwani utaiharibu lebo kabla ya kuiharibu wiski. Karatasi huota madoa ya kahawia na kona zake hubanduka, hivyo mwenye kujali lebo aifunge chupa ndani ya mfuko mkavu unaozibika.

Mwisho ni suala la kujiondoa. Mipango mingi hujihuisha yenyewe kila mwaka na kukata ada kwenye kadi bila kuuliza. Siku unayojiunga, andika katika kalenda ya simu tarehe iliyo mwezi mmoja kabla ya mwaka kutimia, tumia kadi ambayo unaweza kuifunga mwenyewe, na ukiamua kutoka, tuma barua pepe na uhifadhi jibu lao mpaka tarehe ya makato ipite.