Tumbo Kufura: Jinsi ya Kutafuta Chanzo Chake

Mtu anayelalamika kwamba tumbo limejaa gesi hupewa ushauri wa kila namna kabla hajaulizwa swali lililo muhimu kuliko yote, yaani tumbo hilo huanza kufura saa ngapi na hupungua saa ngapi. Jibu lake ndilo linaloelekeza kwenye chanzo. Kwa hiyo tenga daftari dogo na uandike kwa wiki mbili ulichokula, saa uliyokula, saa ambayo tumbo lilijaa na jinsi ulivyopata choo.

Tumbo likijaa papo hapo baada ya kula, nawe ukawa unabeua mara kwa mara, fikiria kwanza hewa uliyoimeza kwa kula haraka, kuzungumza huku unatafuna au kutafuna bigijii kutwa. Soda nayo huingia na gesi yake yenyewe. Maji ya magadi, ambayo wengi huyanywa kama dawa, hukutana na asidi ya tumboni na kuzalisha gesi nyingine, na nafuu inayohisiwa ni ya kubeua tu.

Likijaa saa kadhaa baadaye, chanzo huwa ni vyakula ambavyo havikumeng'enywa vyote katika utumbo mwembamba, vikafika katika utumbo mpana na kuchachushwa na bakteria: maharage, kunde, kabichi, vitunguu na viazi vitamu, hata vikiwa vimekaushwa kuwa michembe. Hapa Mwanza sato na dagaa hulaumiwa bure, ilhali nyama ya samaki haina wanga wa kuchachushwa. Mtuhumiwa wa kweli mara nyingi ni kabichi iliyowekwa pembeni, au mafuta mengi ya kukaangia, ambayo huchelewesha chakula kutoka tumboni. Maharage yaloweke usiku kucha, umwage maji hayo na upike kwa maji mapya. Maziwa nayo yachunguze, kwa kuwa watu wazima wengi wana upungufu wa kimeng'enya kinachovunja sukari ya maziwa, ingawa baadhi yao huvumilia mtindi bila shida. Acha chakula kimoja kwa wakati mmoja, kisha kirudishe uone. Ukiacha vyote kwa pamoja hutajua kilichokusumbua.

Choo kigumu hufurisha tumbo kwa siku kadhaa mfululizo, na hutibika kwa maji ya kutosha, mboga za majani na kutembea. Mwanamke aliyekosa hedhi apime ujauzito kwanza.

Tumbo lisilopungua hata asubuhi, likazidi kukua wiki hadi wiki, si la gesi, na kwa wakazi wa kando ya ziwa kichocho lazima kifikiriwe. Wengi hukitambua kwa mkojo wenye damu, na wasipouona hujihesabu kuwa salama. Lakini kichocho kinachoenea katika Ziwa Victoria ni cha tumbo, nacho hakileti damu kwenye mkojo. Vimelea hutoka kwa konokono wa majini, hupenya ngozi ya mtu anayeoga, anayefua, anayechota maji au anayevua, na mayai yao hunasa kwenye ini. Baada ya miaka ini hupata makovu, bandama huvimba na maji hujaa tumboni. Mvuvi au mfanyakazi wa mwaloni, yaani ufukweni samaki wanaposhushwa, aombe kipimo cha choo mapema, wala asisubiri tumbo lionekane. Dawa yake ni prazikwanteli, ambayo dozi yake hupangwa kwa uzito wa mwili. Haikingi maambukizi mapya, hivyo anayerudi majini anaweza kuambukizwa tena.

Nenda kituo cha afya bila kuchelewa ukiona damu kwenye choo au choo cheusi kama lami, kutapika kusikokoma, macho ya manjano, homa, kukonda bila sababu, au tumbo gumu lenye maumivu makali huku huwezi kujisaidia wala kutoa hewa. Mwanamke aliyevuka miaka 50 ambaye tumbo limeanza kujaa karibu kila siku afanyiwe ultrasaundi ya nyonga, kwa kuwa saratani ya ovari huweza kuanza kwa dalili hiyo. Uendapo, chukua daftari lako, na umweleze mhudumu ni lini uliingia ziwani mara ya mwisho, hata asipouliza.