Mbuni mmoja hauzai: somo la kupanda kahawa ya robusta uani, Mwanza

Tangu niseme humu kikundini kuwa mibuni yangu ya Igoma imechanua, wengi mmeniomba somo. Nianze na kosa langu. Mara ya kwanza nilinunua mche mmoja, na aliyeniuzia akanihakikishia unatosha. Ulistawi, ukatoa maua meupe yanayonukia kama asumini, yakapukutika yote bila kuacha hata buni moja. Mwaka uliofuata, vilevile. Nililia. Robusta haijichavushi: chavua lazima itoke kwenye mbuni mwingine usio pacha wake, iletwe na upepo au nyuki. Kwa hiyo panda mitatu au zaidi.

Mti huu si mgeni kwetu. Kwa asili huota msituni, kuanzia Guinea hadi Uganda, na ndugu zetu Wahaya ng'ambo ya ziwa walikuwa wakitafuna buni zake kabla Wajerumani hawajafika. Walikuwa wakichanja undugu wa damu kwa kugawana punje mbili za tunda moja. Ni mti wa chini ya miti mikubwa, haupukutishi majani mwaka mzima, kwa hiyo unataka kivuli, unyevu na udongo wenye majani yaliyooza.

Mbegu kwanza. Chuma buni nyekundu zilizoiva, zikamue, zioshe utelezi, uzianike kivulini, kamwe si juani. Usizihifadhi muda mrefu maana hupoteza uhai upesi. Zifukie kina cha sentimita moja, upande bapa ukitazama chini, na umwagilie kidogokidogo. Baada ya wiki sita hadi nane utaona kijiti kikiinuka na mbegu kichwani, kama mama aliyejitwika ndoo. Usiivue kwa vidole! Majani mawili ya kwanza yamekunjwa humo ndani, yataisukuma yenyewe. Hapo hamishia kwenye viriba (vifuko vya udongo), chini ya kivuli.

Shimo liwe sentimita 60 kila upande, nafasi mita tatu. Jaza udongo wa juu na samadi iliyooza kabisa. Panda vuli inapokolea, Novemba, ili mche upate mvua hadi Mei kabla ya kiangazi.

Kiangazi ndicho kinachoua mibuni Mwanza. Mizizi yake inayofyonza maji iko juujuu, kwa hiyo usilime shinani kwa jembe. Ng'oa magugu kwa mkono. Tandaza nyasi au majani ya migomba kwa unene wa kiganja, ukiacha nafasi kuzunguka shina lisioze. Migomba yenyewe ipande jirani ikupe kivuli. Maotea (machipukizi yanayotoka shinani) punguza, bakiza mashina matatu hivi.

MASWALI YA WANACHAMA

*Shikamoo mama. Uani kwangu Nyegezi ni mawe na kichanga. Nitaweza?*
Marahaba mwanangu. Utaweza pale penye udongo wa kina kati ya mawe. Ongeza samadi na matandazo mazito, na usiupande ukigusana na jiwe, maana mchana linachemka.

*Nimepata miche ya vikonyo (vipande vya mti vilivyooteshwa), yote ya aina moja. Itazaa?*
Hiyo ni pacha, haitazaa ipasavyo. Changanya na vikonyo vya aina nyingine. Kituo cha TaCRI (Taasisi ya Utafiti wa Kahawa Tanzania) cha Maruku, Bukoba, ndicho kinachoshughulika na robusta, na huko ulizia inayostahimili mnyauko.

*Dada, huo mnyauko nitautambuaje?*
Majani hugeuka manjano na kupukutika, kisha matawi hukauka. Bandua gome karibu na shina: ukiona weusi wa bluu kwenye mti, ndio wenyewe. Ng'oa, choma papo hapo, wala usipeleke kuni zake kwa jirani. Dawa hauna. Ugonjwa huu ulithibitishwa Kagera mwaka 1997 na umewatia watu hasara kubwa, kwa hiyo msilete miche kiholela kwenye meli.

*Buni zangu zina kitundu kama cha sindano kwenye kitovu.*
Huyo ni ruhuka, mdudu mdogo anayetoboa buni. Okota zote zilizoanguka, usiache hata moja mtini baada ya kuvuna, na uzichemshe kabla ya kuzitupa.

*Arabika ya Tarime je?*
Arabika hujichavusha yenyewe, lakini inapenda milima kuliko huku ziwani, kwenye mita 1,134 juu ya usawa wa bahari.

*Nitavuna lini?*
Mwaka wa tatu ukiitunza. Kutoka ua hadi tunda jekundu ni kama miezi kumi, na ukizichuma mbichi kahawa itakuwa chachu.